Kikao cha Kumpitisha Rubani Mpya wa Anga za Mbali

Wananchi wote wanatangaziwa kwamba mustakabali umeahirishwa mpaka utakapofuata taratibu.

Mimi, Mwenyekiti wa Kamati ya Kuhakiki Mambo Ambayo Hayajatokea, nilikikagua mwenyewe kipindi kipya cha tamthilia ya anga kabla hakijarushwa. Kwa jumla si kibaya. Chombo kinang'aa, na viumbe wa kijani wana nidhamu, ingawa yule mwenye vinywa vitatu alizungumza bila kunyoosha mkono.

Balaa lilianza pale rubani mkuu wa zamani alipoyeyuka akawa mvuke. Sina neno, binadamu hupatwa na mengi. Lakini hata mvuke haujatawanyika, fundi mitambo, tena binti mdogo tu, akarukia kiti chake na kuanza kuendesha!

"Amekabidhiwa ofisi na nani?" nikamuuliza mwongozaji wa tamthilia.

"Mzee, kimondo kilikuwa kinawajia. Angesubiri nini?"

"Makabidhiano."

"Wa kumkabidhi si ndiye huyo mvuke!"

"Basi mvuke bado uko madarakani," nikasema. Katibu wangu, ambaye hajanipinga tangu aajiriwe, akaitikia kwa kichwa kwa uchungu wa kizalendo.

Mwongozaji akalegeza sauti. "Mzee wangu, nakuomba. Huyu binti anayemwigiza fundi ameacha kazi yake ya cherehani kwa ajili ya nafasi hii. Usipompitisha leo, ndiyo basi tena."

Mimi si katili. Nikampitisha awe Kaimu Rubani, asimame kando ya kiti, na asiguse usukani bila idhini ya kiti hicho.

"Sawa," mwongozaji akajibu, upesi mno. Hapo ningeshtuka, ila nilikuwa nahangaika na muhuri uliokauka wino.

Jioni ile kipindi kikarushwa, kimerekodiwa upya kama nilivyoagiza. Kimondo kinakuja. Kaimu anakipigia saluti kiti kitupu. "Mheshimiwa, tukate kulia?" Kiti kimya. Anakipangusa vumbi, anakiletea chai. Kiti kimya. Mwishowe kiumbe wa vinywa vitatu anapayuka kwa vinywa vyote, "Jamani, akinyamaza si amekubali!" Binti anashika usukani, kimondo kinapita pembeni, na wote wanakishukuru kiti kwa uongozi wake.

Wajukuu zangu walicheka mpaka wakagaragara sakafuni. Mke wangu alijifanya anakohoa. Sikuona cha kuchekesha. Niliona kipindi chenye maadili.

Asubuhi Waziri akapiga simu. "Mwenyekiti, hongera! Hebu pumzika nyumbani kidogo, tuujaribu huo mfumo wako."

"Upi, Mheshimiwa?"

"Wa kiti."

Nilipumzika wiki nzima, roho juu. Nikarudi ofisini kwa kisingizio cha kufuata mwavuli. Lahaula! Meza iliyokuwa imefurika tamthilia zinazosubiri ilikuwa nyeupe. Zote zimepitishwa. Katibu alikuwa anakipangusa kiti changu taratibu, na mbele ya kiti kulikuwa na kikombe cha chai, chai yangu mimi, inafuka moshi.

Nikakivuta kiti nikae.

"Samahani, mzee," katibu akasema. "Una idhini?"

"Idhini ya nani, wewe? Umerukwa na akili?"

Akakigeukia kiti, mikono nyuma, akasubiri kwa adabu. Na mimi, Mungu anisamehe, nikajikuta nasubiri naye.

"Kimenyamaza," nikasema haraka. "Si kimekubali?"

"Kwa wengine, ndiyo," akanong'ona. "Ila kwako wewe, mzee, Waziri amesema kikinyamaza kimekataa."