Nilisema ni Mgongo

Jumatatu, 29 Septemba

Leo wifi yangu Fadhiya kanitia aibu kwa fundi wa nguo, mbele ya wanawake saba. Tulikwenda kupimwa sare za kupamba kwa binti yangu Thureya. Akamwambia fundi, ya Mwanakuu aiachie nafasi tumboni. Nafasi! Kana kwamba nina mpangaji humo ndani. Nikacheka. Nilipofika nyumbani nikala sambusa nne kwa hasira.

Kupamba, ile sherehe ya wanawake ya kumtoa bibi harusi, ni tarehe 25 mwezi ujao. Mama ndiye anayemwingiza bibi harusi ukumbini, macho yote kwake. Siingii na tumbo limenitangulia. Basi.

Jumanne, 30 Septemba

Kwa Daktari Kyalo. Mpole, na anachora vizuri. Njia za kuliondoa tumbo ni tatu. Kunyonya mafuta kwa mrija. Ngozi hubaki imelegea. Kukata kidogo chini ya kitovu, kwa wenye kitumbo. Akanitazama, akahamia ya tatu: kukata nyonga hadi nyonga, kukaza misuli, kuondoa ngozi iliyozidi. Wiki sita usiinue kitu. Mwanzo utatembea umeinama. Kovu halifutiki.

Akauliza kama nina shughuli karibu. Nikasema harusi ya binti yangu, Desemba. Uongo mdogo. Madaktari wana tabia ya kuzidisha siku.

Mume wangu Sabir kasema hajaona ubaya wowote wa tumbo langu. Nimemwambia avae miwani. Kaapa hatasema kwa mtu. Nikampitia fundi kimyakimya: nafasi yote aiondoe.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimeshakatwa, ile njia ya tatu, na nimerudi nyumbani tangu asubuhi. Uchungu, wallahi! Nimekunjika kama mtu anayetafuta hereni sakafuni. Mkanda wa kubana, usiku na mchana. Mirija miwili imetoka ubavuni inamwaga maji kwenye vichupa, nimevificha mkobani. Muuguzi Ndinda kanionya nisijinyooshe kwa nguvu, mshono utafumuka. Nilale chali, mito mgongoni na chini ya magoti.

Ngazi zetu nimezipanda kwa robo saa. Majirani wakachungulia. Nikawaambia ni mgongo. Hata Thureya nimemwambia ni mgongo. Uongo mzuri huu, hauonekani.

Jumamosi, 11 Oktoba

Sikufikiri. Mgonjwa huzuriwa! Mtaa wetu wa Kibokoni mzima umekuja kunijulia hali, na viazi vya karai, na mkate wa sinia. Mmoja kauliza mbona nalala nimekumbatia mkoba. Nikasema una hati za nyumba.

Mara Fadhiya kaingia na Bi Chonga, mkandaji, na chupa ya mafuta. Ni yule yule niliyempelekea Fadhiya mwaka juzi, aliporudi kutoka Tanga akiumwa na mgongo. Ati nilale kifudifudi! Jasho likanitoka. Nikasema nimeweka nadhiri ya kutokandwa. Bi Chonga akazidi kukunja mikono ya buibui.

Fadhiya akanitazama, akautazama mkoba. Akamwambia Bi Chonga leo anikande nyayo tu. Sijui huruma imemtoka wapi. Ana lake jambo huyu.

Jumatano, 22 Oktoba

Mirija imetolewa wiki jana. Nguo imeletwa leo. Haipandi! Imekwama nyongani. Nikampigia Ndinda. Kasema uvimbe hukaa miezi. Miezi! Hawakuniambia. (Waliniambia. Imo kwenye karatasi.)

Jioni Thureya kaja kunibusu mkono. Kasema mama kama mgongo haujapoa, nikae nyumbani, shangazi Fadhiya atamwingiza. Kasema kwa upole, na hilo ndilo lililoniumiza. Alipotoka nililia sana. Kulia nako huvuta mshono.

Jumapili, 26 Oktoba

Jana alasiri Fadhiya kaja na mfuko. Ndani mna sare yangu nyingine, yenye nafasi. Fundi alimwambia nilivyopita kimyakimya, naye akamwagiza ashone mbili. Imepita juu ya mkanda bila taabu.

Akaninong'oneza kwamba mwaka juzi Tanga hakwenda kabisa. Alikwenda kwa Kyalo. Na mimi nikampelekea Bi Chonga! Alilazwa kifudifudi, akalia, nami nikashika miguu nikimwambia avumilie. Nilitaka ardhi inimeze.

Nikamwingiza binti yangu. Fadhiya huku, Thureya huku, mimi katikati nimeinama. Thureya naye akainama kidogo tulingane. Vigelegele! Nililia mbele za watu, kwa furaha. Tumbo hakulitazama mtu. Wote walikuwa wakiniombea mgongo.

Jumatatu, 27 Oktoba

Picha zimefika. Tumbo safi. Lakini kwa vile niliinama, lo, videvu viwili! Kila picha. Fadhiya ana kimoja tu.

Nimempigia Daktari Kyalo. Kidevu nacho hushughulikiwa. Kauliza kama kuna shughuli karibu. Mwanawe Fadhiya anaoa mwezi ujao. Nikamwambia daktari ni Machi.

Watu nitawaambia ni jino.