Mikono ya Buhendwa na Ng'ombe wa Kupewa

Kila Jumapili baada ya misa, Buhendwa alisimama kando ya lango la kanisa, si kwa ibada bali kwa kuangalia watu wanavyoshuka ngazi. Huyu anashika nyonga, yule anatanguliza mguu mmoja kwa woga, na mama mwingine anashuka kinyumenyume akimwita Bikira Maria kwa kila ngazi. Hapo ndipo alipong'amua jambo ambalo wakubwa wa mji hawajawahi kulikalia mkutano: Goma imejengwa juu ya mawe ya volkano, na goti lililotembea juu ya mawe hayo tangu utotoni lina haki ya kulalamika.

"Mawe njo inabaumiza," alimwambia mchumba wake Gisèle. "Basi mawe njo itabaponyesha."

"Utauzisha batu ba Goma mawe? Kila parcelle, kila nyumba, iko na ukuta wa mawe."

"Yangu inatoka chini ya ziwa, mule Lac Vert."

"Uliingia mule lini?"

"Gisèle, usiharibu kazi mbele haijaanza."

Kazi yenyewe ilikuwa ya haraka. Baba yake Gisèle, muzee Baharanyi, karani mstaafu wa upande wa Bukavu, alikuwa amekwisha kutamka neno lake kuhusu mahari. Bahasha hataki. Anataka ng'ombe mwenye kwato, aingie getini kwa miguu yake mwenyewe kabla ya Pasaka. Ng'ombe asipoonekana, kuna kijana wa forodha aliyekuwa akipiga hodi pale mara kwa mara, na mjomba wa kijana huyo ni mfugaji. Buhendwa alikuwa ameghushi mambo mengi maishani, lakini mapenzi yake kwa Gisèle hayakuwa mojawapo, na wazo la yule kijana lilimnyima usingizi.

Basi akapanga chumba, akapata koti jeupe, akaweka mawe meusi ndani ya sufuria ya maji moto. Mgonjwa akifika analazwa, anawekewa jiwe nyongani, naye "docteur" anafumba macho kana kwamba anasikiliza habari kutoka mbali. Kisha anapaka samli na kukanda. Kukanda huko alikuwa amejifunza kwenye boulangerie, alikokanda unga wa mikate miaka mingi, mpaka mwenye tanuri alipoona mikate inakonda kila siku huku Buhendwa akinenepa. Paja la mtu alilishika kama donge la unga: analikunja, analivuta, analipumzisha, analirudia. Yeye mwenyewe aliona hayo ni maigizo tu ya kusindikiza mawe.

Werevu wake mkubwa ulikuwa kwenye malipo. Hakutaja bei hata siku moja.

"Mie silipwi," alisema kwa sauti ya padri. "Kipaji ya Mungu haiuzwe. Mutu anatoa kile roho yake inamutuma."

Na roho ya mtu, ikiachiwa aibu, hutuma zaidi ya bei. Watu walimletea kuku, maharage, vitenge, hata kitanda. Ng'ombe tu ndiye aliyechelewa.

Ndipo akaja muzee Ntirenganya, mfugaji wa Kalengera aliyehamia mjini kwa binti yake barabara ya Rutshuru ilipoharibika, ng'ombe zake akaziacha kwa shemeji yake upande wa Lac Vert. Buhendwa aliposikia neno "ng'ombe" aliongeza mawe kwenye sufuria.

"Docteur, hii fimbo njo inatembea," alisema muzee akikaa kwa uchungu. "Mie ninaifuata tu."

"Tutaitoa kazi, muzee."

Akamkanda siku baada ya siku. Muzee alilala akiangalia mara mawe, mara mikono. Siku moja akainuka, akavuka chumba na kurudi, fimbo ikabaki imeegemea ukutani. Buhendwa alishangaa kuliko mgonjwa, lakini uso wake haukusema.

"Umenisaidia," muzee akasema. "Sema bei nikulipe, tumalizane."

"Muzee, mie silipwi. Roho yako tu."

Ntirenganya akamgeukia. "Hautaki nikulipe? Umefikiri muzuri?"

"Nimefikiri."

"Basi ninakupa ng'ombe."

Buhendwa alishukuru kwa magoti yote mawili. Alikuwa amezaliwa Birere katikati ya mji, na ng'ombe alimjua akiwa kwenye mshikaki. Wazee wa ukoo wake walipokuwa wakizungumza habari za ng'ombe wa kupewa, yeye alikuwa anatafuta viatu vyake atoroke.

Siku ya mahari, ng'ombe aliingia getini kwa miguu yake, mweusi mwenye baka jeupe, na akina mama wakapiga vigelegele. Muzee Baharanyi akamzunguka, akamgusa nundu, akauliza kama desturi inavyotaka: "Huyu ngombe alitoka kwa nani?"

"Alitoka kwa muzee Ntirenganya," Buhendwa akajibu kwa maringo. "Sikumulipa kitu. Alinipa bure."

Baharanyi akaweka glasi chini. Vigelegele vikakatika.

"Alikupa. Na wewe unamutoa bila yeye kujua?"

"Papa, si ni wangu?"

"Ngombe wa kununua ni wako. Ngombe wa kupewa iko na mwenyewe nyuma yake. Anakuwa baba yako, akikuita unaitika, na mutamba wa kwanza, ndama jike ya kwanza kuzaliwa, unamurudishia. Kwetu ni vile, kwabo ni vile. Nenda umulete. Asipokuja, chukua ngombe yako, na binti yangu atabaki."

Buhendwa alipanda pikipiki moja kwa moja hadi kwa Ntirenganya. Alimkuta uani, sufuria ya maharage ikichemka juu ya mawe matatu meusi anayoyafahamu.

"Muzee, ile mawe..."

"Ni mawe ya kupikia, mutoto wangu. Niliyachukua siku ya kwanza, haukuona." Muzee akatabasamu. "Mawe haikunisaidia kitu. Mikono yako njo ilinitembeza. Mikono kama ile, ukiilipa, kesho inahama. Nilikuuliza mara mbili."

"Sasa unataka nini?"

"Nitakuja kwa Baharanyi, nitasema wewe ni mutoto wangu. Na wewe kila samedi utakuja huku. Mama Dancille, muke wangu, iko na magoti. Dada zake nabo. Mupaka mutamba urudi."

Alikuja kweli, bila fimbo, akasema maneno mazuri hata Gisèle akalia. Muzee Baharanyi akapokea ng'ombe, kisha akakunja suruali. "Na mie, mukwe wangu," alisema, "hii goti ya kuume."

Sasa Buhendwa ana mke, na kila Jumamosi anakunja mikono ya shati. Mama Dancille anapanda ngazi za kanisa peke yake, na Buhendwa akimwona anajawa na fahari inayomuudhi sana. Ng'ombe amekwisha kuzaa mara tatu, na mara zote ni dume.

"Hata mama yake alikuwa vile," muzee Ntirenganya anamfariji, akijigeuza upande wa pili. "Dume tu, mupaka huyu akazaliwa. Kanda pale chini kidogo."