Kiingereza cha Daftari la Malalamiko

Jumatatu, 3 Machi
Msimamizi wa hoteli katangaza: nafasi ya mapokezi iko wazi. Mtihani Ijumaa, mtahini yeye mwenyewe. Anataka Kiingereza cha kila siku, maneno ya kawaida, sentensi zisizochechemea. Miaka kumi na moja napandisha masanduku ya wageni ghorofa tatu, mgongo sasa unalia kama bawaba. Mapokezi kuna kiti. Cha magurudumu. Kiti hicho ni changu. Shule niliiacha njiani, au yenyewe iliniacha, bado tunabishana. Lakini mataifa yote nimeyabebea mizigo.

Jumanne, 4 Machi
Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mimi mwenye upara leo zimeota. Pale kaunta kuna daftari la malalamiko. Wameandika wageni wenyewe, wenye Kiingereza chao. Nani atawakosoa? Nimenakili sentensi ishirini. Fundi bomba, msomi wetu, kanifasiria zote, kasema sarufi ya wageni haina doa.

Jumatano, 5 Machi
Mama Pasi, dobi wetu, naye anaitaka nafasi. Mvuke unamkaba kifua. Moyo wangu mkubwa ni ugonjwa: nimempa nakala. Kaisoma, kanitazama kama shati lililoungua, kauliza, kweli kaka, haya ndiyo utakayosema? Nikamwambia mwanafunzi haulizi, anakariri. Kacheka mpaka kikohozi kikamshika. Nikamletea maji.

Alhamisi, 6 Machi
Mazoezi nyumbani. Nimemwambia mke wangu, kwa Kiingereza fasaha, kwamba chakula kimepoa na mhudumu hana adabu. Bahati nzuri haelewi. Bahati mbaya dada yake alikuwepo, naye anaelewa. Nimekula mkate mkavu.

Ijumaa, 7 Machi
Msimamizi alijifanya mgeni. Kaingia na sanduku, kanisalimu, kaomba chumba. Nikazunguka kidogo na kiti, nikamjibu kwamba mto unanuka na bomba limekauka tangu jana. Akaweka sanduku chini. Nikadhani kavutiwa, nikamwongezea mende wawili. Mgeni wa kweli aliyekuwa nyuma yake akanyanyua mzigo wake, akaondoka. Hata hakunipa niubebe.

Msimamizi kakiri sikukosea neno. Kisha kaniambia niinuke.

Zamu ya Mama Pasi. Kaambiwa chumbani hakuna maji. Kajibu pole sana, fundi anakuja sasa hivi, karibu usubiri hapa. Kumbe kila sentensi yangu kaiandikia jibu lake! Kaka yangu, akasema, wewe umesomea upande wa mgeni.

Kiti kapewa yeye. Sikulia. Nimemhamishia vitu vyake kutoka chumba cha pasi, nikapaka magurudumu mafuta. Mchana kutwa hakukohoa.

Jumamosi, 8 Machi
Mama Pasi kajitolea kunifundisha nusu saa kila adhuhuri. Nimeshukuru, nimekataa. Mwalimu wa nini, na kosa langu nimeshaligundua? Wageni wana kisirani. Ukumbi wa chakula unatafuta mtu wa kukaribisha watu mlangoni, na ana kigoda chake. Safari hii nakariri maneno ya hoteli yenyewe, yale yaliyobandikwa nyuma ya mlango wa kila chumba, chini ya picha ya moto. Kiingereza cha kila siku, tena cha upole. Jumatatu, ukumbi ukijaa, nitaanza na sentensi ya kwanza, kwa sauti: acheni kila kitu, msisukumane, tokeni nje kwa ngazi.