Kirushya ya Matofali Ifutwe Kabla ya Alhamisi

Kirushya, Ngara
Jumatatu asubuhi

Kwa Ndugu Elick Kwizera,
Mtengenezaji wa Dunia,
Biharamulo mjini.

YAH: KUFUTWA KWA KIRUSHYA YA MATOFALI

Mpwa wangu,

Marahaba. Naitikia mapema, maana watu wa kompyuta shikamoo huwatoka kwa shida, nami sitaki barua hii ikwame mlangoni ikisubiri adabu. Nyumbani wote ni wazima isipokuwa mimi, na sababu ni wewe.

Utakumbuka kwamba mwezi wa tano nilikuja Biharamulo kupimwa macho, nikapita ofisini kwako. Ulinikalisha kwenye kiti kinachozunguka ukasema, "Mjomba, leo nakurudisha nyumbani bila basi." Ukanieleza kuwa umechukua picha za setilaiti, vipimo vya miinuko, na ramani ambayo kila mtu duniani anaruhusiwa kuichora, ukaviingiza kwenye programu, na programu ikajenga kata yetu nzima kwa matofali, tofali moja mita moja, ili watu waingie humo kucheza gemu. Nilikupongeza. Pongezi hizo naziondoa leo, kwa sababu zifuatazo.

1. Nyumba yangu haimo. Nyumba ya vyumba vitano! Ulisema, "Migomba imeifunika, Mjomba, kompyuta haikuiona." Sawa. Lakini choo cha jirani yangu Sindayigaya kimeonekana, kwa kuwa kina bati jipya, na kwa heshima ya bati hilo kompyuta yako imekijengea ghorofa na madirisha manne. Mimi niliyefundisha jiografia miaka thelathini na moja sina makazi. Choo cha Sindayigaya kina roshani. Tangu aione video uliyorusha kwenye kundi la kitongoji, anakwenda chooni polepole, kama mgeni rasmi anayepanda jukwaani.

2. Kilima chetu umekifanya ngazi. Nimechora kontua ubaoni mpaka chaki ikanila vidole, na hata mwanafunzi wa mwisho darasani hakuwahi kunichorea kilima cha namna hiyo. Kijito nacho kinatoka bondeni, kinapanda mteremko, kinakwenda kumwagika mbele ya kanisa, kama muumini aliyechelewa Misa. Uliniambia ni kosa dogo la data. Siku ile nilinyamaza kwa kuwa nilikuwa mgeni wako. Sasa niko kwangu, nasema: maji hayajasoma data yako. Maji yanajua kushuka tu.

3. Programu iliona rangi ya kijani, ikapanda misonobari. Kirushya, mpwa wangu! Mtu wa Kirushya umpe msonobari aufanye nini, aumenye? Mke wangu Adventina alitazama ile video, akavua miwani, akauliza kama huko Biharamulo siku hizi mnakula mbao.

4. Yule mtu wako wa maboksi anayetembea ndani ya gemu alipita uani kwangu, au pale ambapo ungekuwa uani kwangu, hakuamkia mtu, akavunja ukingo wa kisima kwa ngumi, akaendelea na safari.

5. Hayo yote ningeyameza. Hili la tano limenikaba.

Kati ya shamba langu na la Sindayigaya kuna ua wa minyaa. Ua huo unapinda, kwa sababu pana kichuguu, na watu wenye akili wakikuta kichuguu hukizunguka. Programu yako haijui kuzunguka. Imesawazisha kichuguu, ikaunyoosha ua kama rula, na huo unyoofu wake umeipeleka migomba yangu kumi na moja kwa jirani. Sindayigaya akaichapisha picha hiyo kwa rangi, akaipeleka baraza la usuluhishi.

Alhamisi iliyopita tuliketi. Mwenyekiti wa baraza, Bi Tecla, aliishika ile karatasi kwa ncha za vidole kama picha ya mtakatifu. Akaniuliza, "Mwalimu, mwenzako ameleta setilaiti. Wewe umeleta nini?"

Nikajibu, "Nina kichuguu."

Walicheka, Elick. Walicheka watu niliowafundisha kusoma dira.

Nikasimama. Nikawaambia: kama picha hii ni ushahidi wa mpaka, basi ni ushahidi wa yote. Sindayigaya ahamie ghorofani kwake leo hii. Mimi niandikishwe miongoni mwa wasio na makao. Katekista aache kulalamikia umbali wa maji. Na kata nzima ikomeshe kilimo cha migomba, tusubiri misonobari itie mikungu. Sindayigaya akanyoosha mkono kwa upole unaoudhi, akasema, "Mwalimu, mimi nimechapisha ukurasa wa mpaka tu. Kurasa nyingine sikuzichapisha."

Bi Tecla ameahirisha shauri hadi Alhamisi hii, wajumbe waje shambani wenyewe. Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Migomba ile niliipanda kwa mikono hii.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote:

(a) Kirushya ya matofali ifutwe kabla ya Alhamisi, choo kikitangulia.

(b) Uandike kwa mkono wako kwamba kompyuta haijawahi kukanyaga Kirushya, hivyo haina sifa ya kuwa shahidi.

(c) Kama huwezi kukaa bila kutengeneza dunia, anza na Biharamulo unakoishi. Lisawazishe boma la Wajerumani, uone kama watakuacha uendelee kukaa huko.

Aliyeumba nchi hii hakutumia rula, naye hakuwa mvivu.

Msalimie mkeo Priscila, wasalimie majirani zako wote, na hata hicho kiti kinachozunguka.

Ni mimi mjomba wako, nisiyeonekana kutoka angani,
Mwalimu mstaafu Wiston Bizimana

N.B. Alhamisi jioni. Barua hii haikuondoka. Jumatatu basi lilinipita nikitafuta bahasha, na kesho yake nikaona aibu kulifukuza tena. Leo wajumbe wamekuja. Kichuguu wamekiona, nikashangilia mapema. Ndipo akaletwa Bibi Niragira, mama mzazi wa Sindayigaya, aliyevuka miaka tisini. Akaelekeza kwa fimbo upande wangu wa kichuguu, akasema, "Chimbeni pale, chini ya nyasi." Wakachimba, wakakuta visiki vya minyaa ya zamani, vimepangana hadi mwisho wa shamba. Kutoka visiki hivyo hadi ua wa sasa, migomba ni kumi na tisa. Bi Tecla aliniuliza ua ulihamaje. Nilijibu kwamba ua ni kitu chenye uhai.

Nimeitafakari upya teknolojia yako. Ni sayansi, na sayansi haina upendeleo. Usifute kitu. Chapisha ule mpaka mnyoofu kwa rangi, nakala tatu, ugonge mhuri wowote ulio nao, zinifikie kabla ya Jumatatu, baraza litakapotoa uamuzi. Kumi na moja ni pungufu ya kumi na tisa.

Ukiileta mwenyewe, pita njia ya juu. Bibi Niragira akikuona atakuuliza habari za mama yako, na mama yako ndiye aliyenishikia miche ya minyaa.