Karte ya Mama Buko

Kazi tatu, 5 juni 1974
Jogoo imeenda! Kisimba, jirani yetu hapa Kapata, mwizi mwenye kuvaa abakosti, ile koti ya Mobutu, ameikamata mu muchezo wa makarte yake ya makamio, malori ya mine, ile muzungu wake wa kazi alimuachia. Kila karte iko na picha na manumero: tani, nguvu, mbio. Unataja moja, mwenye numero kubwa anakamata karte ya mwenzake. Yeye eko na kamio ya tani mia. Bibi yangu Ndaya alikuwa anachunga ile jogoo juu ya kuipikia mama yake, mwenye kufika na treni ya Mwene-Ditu siku ya Mungu. Nilimuambia jogoo imeenda kutembea. Aliniangalia mubaya.

Kazi ine, 6 juni
Akili imekuja. Kisimba anajua makamio kwa kichwa. Batu, hapana! Nimekata karton ya sabuni, nimechora batu ya avenue yetu: kilo, batoto, sauti, ukali. Nilianza na mi mwenyewe. Kilo hamsini na sita. Nikaitupa.
Nilitafuta mutu mwenye kushinda bote. Mama buko! Kwetu, mwanaume haangalii mama ya bibi yake mu macho, hataji jina yake, akimuona mu njia anaingia mu majani. Lakini karton si mutu. Kilo mia na kumi na mbili. Batoto kumi na moja. Sauti na ukali, kumi juu ya kumi.

Kazi tano, 7 juni
Ku barza ya Kisimba, batu balicheka mpaka machozi. Yeye hapana: ku karte yake nilimupa ukali mbili. Kwa hasira amekubali kuweka jogoo kesho. Mi ninaweka radio. Ndaya hajui.

Siku ya posho, 8 juni
Nimeshinda. Na nimekufa. Ku mwisho Kisimba alibaki na karte ya Tata Mbuyu, mukubwa wa camp yetu, kilo mia na tano. Nikasimama, nikapiga karte yangu ku meza: "Mama Ngalula, kilo mia na kumi na mbili!" Jina muzima! Bote bakasimama. Nilizani banashangaa ushindi. Nikageuka. Mama buko alisimama pale mu njia, valizi ku kichwa. Treni ilifika siku moja mbele ya siku yake. Mu Zaïre, kwenye treni inachelewa kila mara!
Alisema na meza, si na mi: "Mia na nane. Niligonjwa."
Niliruka ukuta ya lupango, uwanja ya Kisimba. Suruali ilibakia pale, nusu.

Siku ya Mungu, 9 juni
Familia imekata maneno: mbuzi moja ya musamaha. Mbuzi ikikosa, Ndaya anarudia Mwene-Ditu na mama yake. Ndaya wangu! Roho inaniuma kweli. Jogoo, mama buko alienda kuikamata mwenyewe. Kisimba aliitoa mbio. Ukali yabo bote mbili niliandika sawa. Mama buko aliikula yote mu nyumba. Mi nilikula bukari na sombe nyuma ya nyumba, na paka.

Kazi moja, 10 juni
Nimemuapia Ndaya: makarte, basi, nimeichoma. Alilia kidogo, akanipa chai. Kiisha akasema mama yake anauliza kama mama buko ya Kisimba naye alikuwa na karte.
Hapana, hakuwa nayo.
Kisimba eko na mbuzi. Nikitoa karte ya mama buko yake ku meza, atageuza uso kwa heshima. Hata numero hataisoma! Nimekata karton ingine. Kilo mia na makumi tatu. Ule mama anatoka Dilolo, anafika kazi ine. Sisi tunacheza kazi tatu. Treni haiwezi kuwahi mara mbili.