Malalamiko Kuhusu Dakika Arobaini Nilizopelekwa Marekani

Kwa Mkuu wa Kituo cha Mpaka,

Mheshimiwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, pamoja na wale vijana wako wa dirisha la pili. Mimi ni Adelaide Furtado, mkulima wa matunda ya cheri, mwenye umri wa miaka sitini na minane, na shamba langu liko mwendo wa dakika ishirini kutoka mezani kwako. Sijawahi kuilalamikia serikali ya Kanada tangu wazazi wetu walipotuleta kutoka visiwa vya Azori, mimi nikiwa na miaka tisa. Naanza leo.

1. Maëlle Kerbrat, Mfaransa, rafiki wa binti yangu, alikuja kwetu mwezi wa tano kama mgeni. Barua ya kukubaliwa viza yake ya likizo na kazi ikamkuta tayari yuko jikoni kwangu. Tulipopiga simu kuuliza, tukaambiwa viza ipo ila imelala; haiamki mpaka mwenyewe atoke nchini na kuingia upya. Cheri zilikuwa zimeiva, mvua imetabiriwa kunyesha Alhamisi, na cheri iliyoiva ikinyeshewa hupasuka. Maëlle alikaa barazani siku nne, mikono mapajani, akizitazama. Nilimwambia achume kidogo tu, nani atamwona. Akanijibu, "Bi Adelaide, kuchuma ni kazi. Mimi naruhusiwa kula tu." Akala.

2. Basi Jumanne nikampakia garini, tukatoka Kanada. Kutoka kwenyewe, Mheshimiwa, unakujua: unapita mlingoti wa bendera, unakwenda mita mia mbili, unamwambia afisa wa Marekani kwamba hutaki kuingia kwake, unapewa karatasi ya kuthibitisha kuwa hukuingia, unageuza gari. Nauliza kwa heshima: ni kitu gani kilichomwingia binti huyu katika mita hizo mia mbili hata akastahili kazi? Kama ni hewa ya kule, naomba mumzungushe na mume wangu Norberto, ambaye ni raia halali na hajapanda ngazi tangu Pasaka. Na nafasi ikibaki, mzungusheni na fundi wetu wa pampu.

3. Hapa ndipo penye uchungu. Afisa wa Marekani, kijana mpole mwenye mafua, aliniuliza, "Mama, una ndugu yeyote upande huu?" Nikajibu sina. Maëlle, ambaye kwao amefundishwa asimdanganye mtu aliyevaa sare, akadakia, "Ana mdogo wake. Picha yake iko jikoni, imegeuziwa uso ukutani."

Kijana akaweka kalamu chini. "Mama, kumdanganya afisa wa mpaka ni kosa."

Ikabidi niandike jina: Olinda. Namba ya simu sikuwa nayo. Niliifuta kichwani miaka kumi na tisa iliyopita, aliposhindwa kuja kumzika mama yetu, nami nikaapa sitaikanyaga nchi anayoishi. Kijana akalisoma lile jina. "Olinda anayeoka mikate? Si anakaa hapo nyuma ya kanisa." Akainua simu, eti athibitishe.

Alifika kabla karatasi yetu haijapigwa muhuri, unga umemjaa mpaka viwikoni. Tulitazamana.

"Umezeeka, dada," akasema.

"Wewe umenenepa," nikasema.

Maëlle akaomba ruhusa ya kwenda msalani, akakaa huko muda mrefu kuliko haja yoyote ninayoifahamu.

4. Ndipo nikaambiwa jambo ambalo kituo chako kililijua miaka yote hiyo kisinijulishe. Siku ya mazishi Olinda alikuja. Alivaa gauni jeusi, akabeba maua, akafika dirishani kwenu saa moja asubuhi, na hati yake ya kusafiria ikaonekana imeisha muda siku tatu nyuma. Aliketi kwenye benchi lenu mpaka saa nane mchana. Mama alikuwa keshafukiwa. Kisha akaambiwa arudi Jumatatu. Maua aliyaacha kwenye ndoo ya mfagiaji wenu, maana hakuona pengine penye maji. "Jioni nilikupigia mara saba," aliniambia. Ni kweli, ilikuwa saba. Kila ilipolia niliikata.

5. Nataka uuelewe ukubwa wa hasara. Hasira ile niliilea miaka kumi na tisa. Niliiketisha mezani kila Krismasi. Nilimkataza Norberto asiiguse. Ilikuwa hasira safi, haina doa, na watumishi wa nchi mbili wameiharibu kwa dakika arobaini bila hata kuniuliza kama nilikuwa na nyingine ya akiba. Sasa nikikaa jikoni sijui nimnunie nani. Nimejaribu kukununia wewe, lakini nasikia ulihamia hapa mwaka juzi, tena una watoto wadogo. Nikijinunia mwenyewe silali.

Sikatai kwamba Maëlle alipata kibali chake siku ile ile, wala kwamba tuliokoa safu zote ila mbili. Lakini je, cheri ndizo za kumfanya mtu wa umri wangu alie mbele ya afisa mwenye mafua, halafu afisa naye apenge kamasi kwa namna ambayo hata sasa sina hakika ilikuwa mafua?

Kwa hiyo naomba kuzungushana huku kukomeshwe. Viza ziamshwe kwa posta, kama wafanyavyo watu wastaarabu. Na pasiwe na afisa wa kuwauliza watu habari za ndugu zao. Mtu mzima ana haki ya kuishi dakika ishirini kutoka kwa mdogo wake, kwa amani, bila kumwona mpaka mmoja wao afe.

Wasalimie wote kituoni, hasa mfagiaji, kama bado ni yule yule.

Ni mimi raia wako mtiifu, niliyetolewa nchini na kurudishwa nikiwa na upungufu,

Adelaide Furtado

N.B. Nikiwa nafunga bahasha, nimegundua kwamba kwenye kibali cha Maëlle mmesahau vidoti viwili vya juu ya e. Yeye anasema si kitu, hakuna atakayejali. Mimi naona ni kosa zito, haliponi mpaka tutoke nchini na kuingia upya. Tutafika Jumatano asubuhi. Tafadhali msilirekebishe kwa posta, na nitashukuru sana foleni ikiwa ndefu.