Siku Mwalimu Mbaluka Alipofundisha Genge

Hakuna wimbo ulioimbwa na binadamu ambao Mwalimu Mbaluka hangeweza kuufundisha. Hayo aliyasema mwenyewe, ofisini mwa walimu, kila chai ya saa nne, andazi mkononi kama kijiti cha kuongozea kwaya.

Alikuwa mwalimu wa muziki katika shule moja ya upili karibu na mtaa wa Fedha, Nairobi. Miaka yake hamsini kasoro mmoja, tai shingoni, kifua mbele. Kwaya yake ilifika mashindano ya kitaifa mara mbili. Mara ya kwanza ikawa ya kumi na moja. Mara ya pili ikawa ya kumi na mbili, lakini hiyo aliihesabu kuwa njama.

Basi mtaala mpya ukaja na mambo yake. Wanafunzi wa gredi ya kumi waliochagua muziki sharti wafundishwe pia nyimbo za kisasa: genge, rap, na zile zinazotikisa madirisha ya mtaa kila Jumamosi. Na si kusoma habari zake tu. Kuziimba!

Mwalimu mkuu, Madam Phelister, akamwita ofisini.

"Mwalimu, Alhamisi afisa wa elimu anakuja kuangalia somo lako. Asiporidhika, muziki unafungwa hapa shuleni na wale watoto ishirini na watatu wanahamishwa. Utaweza?"

"Madam! Muziki ni muziki. Hiyo genge nitaifundisha mpaka walioianzisha waje kukaa darasani!"

"Tunaye Kawsar, huyu mwalimu wa mazoezi kutoka chuo kikuu. Amesomea uimbaji wa kisasa. Si akusaidie?"

Mbaluka akacheka kwa sauti ya besi. "Yule mtoto? Atanisaidia kubeba chaki."

Jumatatu akaingia darasani, Kawsar nyuma yake na daftari. Wanafunzi walikuwa wameshatunga wimbo wao. Koki, msichana mwembamba mwenye sauti ya kukata, akasimama. Mwenzake Mativo akagonga dawati, na Koki akaachilia:

"Naishi Fedha, mfukoni sina fedha,
Nikiona muuza smoki, kando nateleza!"

Darasa likalipuka; nani hajawahi kukosa hela ya soseji hizo? Mbaluka alifumba macho kama mtu anayeng'olewa jino. Kisha akauandika wimbo ubaoni kwa do-re-mi, kama alivyoandika nyimbo zote maishani mwake. Alipomaliza akarudi nyuma hatua mbili, akashtuka. Ubao mzima ulikuwa do, do, do, do, do!

"Koki! Wimbo wenu una sauti moja tu. Hizo nyingine sita mmezipeleka wapi?"

"Mwalimu, utamu wa genge uko kwa mdundo. Si kupanda na kushuka."

"Hakuna! Fungueni kinywa kama mnameza yai. Migongo wima. Haya: Naaaaishi Feeeeedhaaa..."

Wakaimba. Mativo akalaza kichwa dawatini. "Mwalimu, sasa ni kama huyo msee wa Fedha ameaga na sisi ndio tunamzika."

Kawsar akainua mkono. "Samahani, Mwalimu. Sauti ya genge iko karibu na ya kuongea. Maiki ndiyo inabeba, kifua kinapumzika. Tukiweka sauti ya kwaya, maneno yanapotea."

"Asante, mwanangu. Keti hapo nyuma uandike."

Lakini jioni ile, akiwa peke yake, kifua cha Mwalimu Mbaluka kilirudi ndani kidogo. Alisikiliza genge kwenye simu mpaka masikio yakawaka moto. Akatafakari kitaalamu, akafikia uamuzi: tatizo halikuwa mbinu. Tatizo lilikuwa nguo!

Jumanne baada ya kazi akashuka soko la mitumba la Muthurwa. Akarudi nyumbani na jinzi iliyopasuka magoti yote mawili, hudi nyeusi ya kufunika kichwa, kofia ya kuvaliwa nyuma-mbele, na viatu vyeupe vikubwa kama mikate ya asubuhi.

Mkewe, Nthoki, akamzunguka mara mbili.

"Baba Mutheu, hii suruali uliinunua hivi, ama mlivutana na mbwa?"

"Huu ni mtindo. Wasanii ndio huvaa hivi."

"Na magoti yako yana uzuri gani mpaka yaonyeshwe watu?"

Alikuwa ameshaingia bafuni kutafuta sauti ya kukwaruza, ile ya wasanii wakali. Akanguruma Jumanne, akanguruma Jumatano. Jirani wa chini akapanda ngazi kuuliza kama kuna mgonjwa apelekwe hospitali.

"Ni kazi ya shule," Nthoki akamjibu, bila furaha yoyote.

Alhamisi ikafika. Madam Phelister aliitwa mkutanoni mjini asubuhi hiyo, akaacha maagizo kwamba mgeni akifika aelekezwe darasani moja kwa moja. Kwa hiyo hakuna mkubwa aliyemwona Mwalimu Mbaluka akivuka uwanja na kiatu kinachochapa lami, pwa, pwa, pwa.

"Niaje, wasee!" akasalimu.

Mtu mmoja akakohoa, na hicho hakikuwa kikohozi.

"Kabla mgeni hajafika, leo nitawaonyesha inavyofanywa!"

Akaishika maiki kama anaikaba. Akavuta pumzi ya kutosha kwaya nzima, na sauti tatu, na mpiga kinanda. Akanguruma:

"NAISHI FEEE..."

Spika ikapiga yowe. Na kooni mwake kitu kikachanika, kwaru! kama mfuko wa sukari.

"...dha," ikamalizikia, nyembamba kama ya panya.

Akajaribu tena. Upepo mtupu. Akajaribu mara ya tatu. Hata upepo ukapungua.

"Mwalimu, uko sawa?" Koki akauliza, na safari hii hakuna aliyecheka.

Mbaluka akaonyesha koo. Akamnyooshea Kawsar kidole, kisha akaonyesha ubao. Akachukua chupa ya maji, akaenda kukaa dawati la mwisho, na kuvuta hudi mpaka machoni ili watoto wasiyaone. Watoto ishirini na watatu watahamishwa, na aliyewahamisha ni yeye na bafu lake!

Kawsar akasimama mbele. Hakusema lolote kuhusu Jumatatu.

"Koki, usiimbe. Mwambie tu Mativo hayo maneno, kama mko kwa geti mnapiga stori."

Koki akasema. Mativo akacheka.

"Ndiyo hiyo! Sasa sogeza maiki, pumzi ndogo, neno la mwisho lichape. Mativo, weka biti."

Wimbo ukafufuka. Wote wakaudaka, na huko nyuma, bila kuombwa ruhusa, kiatu kimoja kikubwa cheupe kikaanza kugonga sakafu.

Hapo mlango ukafunguka taratibu. Afisa wa elimu, Bi. Wangeci, akaingia na faili lake, akawaashiria waendelee, akanyata mpaka nafasi tupu kando ya mwenye hudi.

Mbaluka akamgeukia. Alitaka kusema: mimi ndiye mwalimu. Kilichotoka ni "hhhh... hhhh..."

"Shh! Kijana, msikilize mwalimu wako."

Kijana! Mbaluka akainuka nusu, mkono juu, aende ubaoni aandike ukweli wote kwa herufi kubwa. Ndipo akamwona Koki, maiki mdomoni, uso unang'aa. Akiukatiza wimbo sasa, somo la muziki amelifunga mwenyewe. Akakaa.

Wimbo ulipokwisha, Bi. Wangeci akapiga makofi. "Hongera, Mwalimu! Na huyu jirani yangu, mbona haimbi? Simama, usiogope."

Mbaluka akasimama. Hudi ikateleza, kofia ikafuata, kipara kikajitokeza hadharani. Bi. Wangeci akashtuka. Kisha uso wake ukalainika kwa huruma.

"Madam, huyo ni..." Kawsar akaanza.

"Najua, Mwalimu. Wapo wengi wanaorudi shule ukubwani. Usimwaibishe."

Akaandika kwenye faili kwa muda mrefu. Wanafunzi walikuwa wameuma mikono yao wasipasuke kwa kicheko.

Saa nane mchana Madam Phelister aliporudi, alikuta ripoti mezani. Akawaita Mbaluka na Kawsar, akavaa miwani, akasoma.

"'Somo la muziki liendelee. Mwalimu ni hodari mno, anawaelewa vijana.'" Mbaluka akashusha pumzi ya siku nne. Kawsar akaangalia viatu vyake mwenyewe. "'Kuna mwanafunzi mmoja wa umri mkubwa, anakaa nyuma. Sare hana. Anaongea somo likiendelea. Kuimba, bado sana. Hata hivyo asifukuzwe, kwa kuwa ana moyo. Shule imwite mzazi wake.'"

Madam Phelister akavua miwani. Akayatazama yale magoti mawili kwa zamu, la kulia, kisha la kushoto. Akachukua simu yake.

"Mwalimu, mama yako bado yuko kwenu Mwingi? Nipe namba yake."